Zabibu, panya mgonjwa aliyekaribia kumfungia biashara dada wa Nkuhungu

Agosti 2024. Watu wa Dodoma wanaujua mwezi huo: upepo haupigi hodi, vumbi linaingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Dada mmoja, wakala wa pesa za simu pale Nkuhungu, alikuwa anamhesabia laki tatu mteja wake wa kila wiki, mama muuza mitumba. Mama naye akahesabu. Ikapungua elfu mbili. Wakarudia wote wawili. Elfu mbili haipo.

Katika kurudia huko, chini ya meza, kwenye boksi lililofunikwa kipande cha khanga, kikachomoza kichwa cheupe chenye macho mekundu. Kikapiga chafya.

Mama yule hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikusanya pesa zake, akarudi nyuma hatua mbili, akasema maneno ambayo kila mfanyabiashara nchi hii anaogopa kuyasikia mlangoni kwake.

"Chuma ulete."

Mpaka saa kumi na mbili jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Kesho yake wateja walikuwa wanapita mbele ya kibanda kama hawakioni, wanavuka barabara kwenda kwa wakala wa upande wa pili. Yule wa upande wa pili, kwa kweli, hakusema lolote baya. Alikuwa busy tu kuhesabu.

Sasa huyo panya alifikaje pale? Hakutoka darini wala jalalani. Alitoka maabara.

Novemba 2023, kijana mmoja jirani, fundi wa maabara kwenye chuo kimoja, alirudi nyumbani na boksi la maji ya chupa lililotobolewa matundu. Ndani kuna panya jike mweupe, hajafikisha hata miezi miwili. Panya wa namna hii ni ukoo mmoja na wale wakubwa wa kahawia wa kwenye mitaro ya miji mikubwa, ila wamezalishwa kwenye maabara vizazi na vizazi mpaka wakawa wapole, na weupe wao ni ualbino. Huyu alikuwa na tatizo: anapiga chafya tangu utotoni. Panya mwenye mafua hafai kwa jaribio, kwa sababu majibu yake hayaaminiki. Utaratibu ni kumuua. Kijana alipewa kazi hiyo Ijumaa, mkono ukagoma. Na kwake hawezi kukaa naye, maana anaishi geto na wenzake wawili na paka.

"Dada, siku mbili tu. Nitafute pa kumpeleka."

Siku mbili za Kitanzania unazijua.

Cha ajabu ni kwamba dada huyu panya alikuwa anawachukia kuliko mtu yeyote pale uani. Ni mtoto wa mkulima wa Mpwapwa. Amekua akiona panya shamba wanafukua mbegu za mahindi usiku uleule zilipopandwa. Wale ni wadogo, wa kahawia, na jike mmoja anaweza kuwa na chuchu mpaka ishirini na nne. Anazaa kwa mkupuo zaidi ya kumi. Mvua zikinyesha vizuri, baada ya miezi kadhaa ardhi inatembea. Kwao panya hakuwa mnyama. Alikuwa janga, kama ukame, kama kwelea kwelea.

Usiku wa kwanza aliliweka boksi mbali na kitanda, akalala taa inawaka. Asubuhi akachungulia, akakuta panya ana michirizi myekundu puani na kwenye kope. Damu! Alijua kinakufa. Akakitoa kwa kitambaa, na kile kitu badala ya kumuuma kikaingia kwenye mkono wa sweta lake kikajikunja pale, kinatetemeka, kinakoroma kama redio isiyoshika stesheni. Ndivyo mtu anavyopatikana. Kufika mchana alikuwa keshakipa jina: Zabibu. Kwa ajili ya yale macho mekundu, na kwa sababu Dodoma ni Dodoma, ukitaka jina la kitu chekundu cha mviringo unafikiria Makutupora. Ana jirani anaitwa Zabibu, mtu mzima kabisa. Alinuna wiki nzima.

Safari ya kwanza ya hospitali ilikuwa kichekesho. Bodaboda mpaka mjini, boksi mapajani, kwenye duka la dawa za mifugo lenye daktari ndani. Mbele yake kwenye foleni kuna mzee mwenye mbuzi na kijana mwenye trei ya vifaranga wanaosinzia. Daktari alifungua boksi, akamtazama dada, akatazama tena boksi.

"Mwanangu, panya nimeua wengi. Kutibu sijawahi."

Lakini hakumfukuza, na hilo ndilo lilimwokoa Zabibu. Aliweka stetoskopu kwenye kile kifua kidogo, akakunja uso, akaenda nyuma kufungua kitabu. Aliporudi alieleza mambo mawili. Kwanza, ile haikuwa damu. Nyuma ya jicho la panya kuna tezi inayotoa majimaji mekundu. Panya mzima huyapangusa anapojisafisha, hayaonekani. Akiumwa au akiogopa yanazidi, yanaganda puani na machoni, na mtu asiyejua anaona damu. Pili, kifua. Kuna bakteria anaitwa Mycoplasma ambaye panya wengi wanampata kwa mama zao wakiwa wachanga. Dawa inamtuliza, haimtoi. Zabibu angekuwa anapata nafuu na kurudia, kupata nafuu na kurudia, maisha yake yote, na maisha yote ya panya wa namna hii ni miaka miwili, mitatu akibahatika.

Dawa yenyewe ni ileile wanayopewa kuku wenye mafua. Daktari akampimia kiasi kidogo kwa uzito wa panya, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akamwambia amchanganyie kwenye uji. Akamwambia pia jambo ambalo linatakiwa kusemwa wazi: anawe mikono kila akimshika, na panya akae mbali na chakula na watoto. Wengi bado wanakumbuka Julai 2022, ule ugonjwa wa Lindi wa watu kutoka damu puani uliotia hofu nchi nzima, mpaka Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda. Ile inatokana na maji au chakula chenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Zabibu alizaliwa ndani, hajawahi kukutana na panya wa nje, kwa hiyo hatari ilikuwa ndogo. Ndogo, si sifuri.

Basi maisha yakaanza. Makosa nayo yakaanza. Dada alienda kwa seremala akaomba vumbi la mbao la bure amtandikie, akajiona mjanja. Baada ya siku tatu Zabibu alikuwa anahema kwa tumbo. Vumbi la mbao kwenye mapafu mabovu ni sawa na kumwagia mchanga kwenye injini. Akalitupa, akaanza kuchana khanga kuukuu na magazeti, na akajifunza kubadilisha kila siku, kwa sababu ule mkojo ukikaa unatoa harufu kali inayochoma pua na kuharibu kifua zaidi. Fundi wa kuchomelea akamtengenezea kizimba cha nondo nyembamba na wavu, ghorofa mbili. Aliambiwa ni cha sungura. Akiulizwa mwenyewe alikuwa anasema "ni cha sungura" kwa miezi mitano.

Kiangazi cha 2024 kikaja na vumbi lake. Dirishani dada alitundika khanga mbichi, kila ikikauka anailowesha. Usiku Zabibu akizidiwa, alikuwa anafanya kitu ambacho Watanzania walikizoea mwaka 2020: nyungu. Bila majani, mvuke mtupu. Anachemsha maji kwenye jiko la mkaa nje, moshi usiingie ndani, anabeba sufuria mpaka pembeni ya bafu la uani, anakaa kwenye kigoda, Zabibu kifuani, khanga juu ya wote wawili. Dakika kumi. Na kweli kile kikoromo kilikuwa kinapungua.

Sasa jiweke wewe kwenye viatu vya mama mwenye nyumba. Saa tano usiku unatoka kwenda chooni. Unamkuta mpangaji wako, mwanamke asiye na mume, anayeshika pesa za watu mchana kutwa, kajifunika khanga gizani juu ya sufuria inayofuka, na kutoka kwenye khanga kinakutazama kichwa cheupe kinacholia damu.

Alirudi ndani bila kwenda chooni.

Kwa hiyo siku ile elfu mbili ilipokosekana, wiki moja baadaye, mtaa haukuwa unaanza kuwaza. Ulikuwa unamalizia. Na dada alikuwa na kosa lake pia: siku hiyo vumbi lilikuwa baya sana chumbani, akaona kibanda chenye ukuta wa matofali kina afadhali. Panya chini ya meza ya pesa, jamani. Hata asiyeamini uchawi angehesabu mara mbili.

Mwenye nyumba akamwita. Maneno yake hayakuwa mengi: panya au chumba. Kodi ilikuwa imebaki miezi miwili. Lakini aliyemchoma ni mama mwenye nyumba, aliyekaa pembeni anachambua mlenda.

"Mtoto wa chumba cha nyuma ana kifua wiki ya tatu, mama yake anampa kitunguu saumu na asali maana hela ya hospitali hana. Wewe unampandisha panya bodaboda kwenda kwa daktari."

Hakuna jibu la swali hilo, na tusijifanye lipo. Aliyeuliza hakuwa na roho mbaya, aliuliza kitu ambacho mtu yeyote mwenye macho angeuliza. Dada alirudi chumbani akakaa. Jioni akachukua elfu ishirini, akagonga chumba cha nyuma. Mama wa mtoto akafungua, akaitazama ile noti ya elfu kumi na nyingine chini yake, akaweka mikono nyuma.

"Hapana dada. Nashukuru."

Hakutaka pesa ya panya. Mtoto anakohoa pale mkekani, mama anakataa hela. Kama kuna kitu kilimliza dada wa watu katika mambo haya yote, ni hicho. Alirudi, akampa elfu ishirini ileile kijana wa maabara, kijana akaipeleka kama yake. Mtoto alipelekwa kituo cha afya asubuhi.

Kikao kilikaa Jumapili chini ya mwarobaini, kwa balozi. Mama wa mitumba alikuwepo, mwenye nyumba alikuwepo, na watu kama kumi wasiohusika, kama kawaida. Dada akaeleza chuo, mafua, tezi ya jicho. Watu wanamsikiliza kama wanavyomsikiliza mgombea. Ndipo dereva mmoja wa bodaboda, yule aliyekuwa anambeba kwenda mjini, akatoa simu na kuonyesha picha ya panya aliyevalishwa medali.

Ni Magawa. Panya buku, mkubwa karibu kama paka mdogo, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013 na kufundishwa Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya kunusa mabomu. Alipelekwa Kambodia. Mpaka anapewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la PDSA la Uingereza, Septemba 2020, alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 39 na vilipuzi vingine 28, na hakuna panya aliyewahi kupewa medali hiyo kabla yake. Alistaafu 2021, akafa Januari 2022 akiwa na miaka minane, na dunia ikatangaza msiba. Wenzake wananusa makohozi kutafuta kifua kikuu: panya mmoja anapitia sampuli mia kwa dakika ishirini, kazi ambayo mtu mwenye darubini anaweza kuifanya kwa siku nne.

Simu ikazunguka. Watu wakacheka, wakapunguza makali. Balozi, mzee mstaarabu wa Kigogo, akairudisha na kuuliza swali zuri kuliko yote ya siku ile.

"Huyu wa Morogoro anafanya kazi. Huyu wako, mwanangu, anafanya nini?"

Dada akafikiri.

"Hafanyi kitu, mzee. Anaumwa tu."

Kimya. Kisha mama mmoja akasema taratibu, bila kumtazama mtu, kwamba mama mkwe wake naye yuko hivyohivyo mwaka wa nne. Watu wakacheka tena, lakini si kama mwanzo.

Ikaamuliwa hivi: panya asionekane kibandani hata siku moja, nyungu isipigwe uani usiku, na vitabu vya wakala vikaguliwe mbele ya balozi. Vilikaguliwa. Havikuwa na kasoro. Ile elfu mbili haikupatikana mpaka leo, na mama wa mitumba hakurudi mpaka leo. Wengine walirudi mmojammoja, wa kwanza akiwa mlevi mmoja aliyesema yeye hana cha kuibiwa. Kamisheni ya mwezi ule ilishuka zaidi ya nusu. Mwenye nyumba alipolipwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hakusema tena habari ya kuhama.

Baba yake alikuja Septemba kutoka Mpwapwa na gunia la karanga, kumbe keshasikia kila kitu kwa shangazi. Wakasalimiana, mbukwa, mbukwa, akanywa chai, akakaa kimya mpaka usiku.

"Panya wamenila magunia na magunia," alisema mwishowe. "Leo wewe ndiyo unawalisha."

"Mmoja tu, baba."

Alfajiri dada aliamka akakuta mzee amechuchumaa mbele ya kizimba. Anabangua karanga, anapitisha kwenye wavu nusunusu. "Anatafuna polepole kama marehemu bibi yako," akasema, akaendelea kubangua.

Machi 2025 mkono wa dada ukagusa kitu kigumu chini ya kwapa la Zabibu, kidogo kama punje ya hindi. Baada ya wiki sita kilikuwa kama limau. Uvimbe wa matiti, ambao ni kawaida kwa panya jike wa ukoo huu wakizeeka. Mara nyingi si saratani inayosambaa, lakini unakua mpaka mnyama anaburuta mzigo. Unaweza kukatwa. Daktari, ambaye sasa alikuwa anamwita Zabibu "mgonjwa wangu", alisikiliza kifua kwa muda mrefu, akavua stetoskopu.

"Kumkata naweza. Kumwamsha baada ya usingizi, kwa mapafu haya, siwezi kukuahidi."

Wiki hiyohiyo ya Aprili yule wa bodaboda akaja mbio na simu: panya mwingine aliyetoka Tanzania, Ronin, ameingia Guinness kwa kugundua mabomu ya ardhini 109 huko Kambodia, kuliko panya yeyote kabla yake. Akamwonyesha dada, dada akamwonyesha Zabibu. Zabibu akapiga chafya kwenye kioo.

Hakukatwa. Dada aliamua usiku mmoja, na hakubadilisha. Akaondoa ghorofa ya juu ya kizimba ili asipande, akasogeza maji karibu. Miguu ya nyuma ilipoanza kulegea akawa anamfuta kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, maana hafikii tena mgongo wake mwenyewe. Mtoto wa chumba cha nyuma, ambaye kifua chake kilishapona zamani, alikuwa anasimama dirishani kwa nje na kutoa ripoti: "Amelala. Ameamka. Amelala tena." Mama yake alikuwa anamwona na hamwiti.

Zabibu alikufa Oktoba 2025, kwenye lile joto la kabla ya mvua, ndani ya mkono wa sweta lilelile. Alikuwa na miaka miwili na kidogo.

Ardhi ya Dodoma mwezi huo ni ngumu kama sakafu. Dada alikuwa anahangaika na jembe nyuma ya bafu, mwenye nyumba akatoka, akamtazama kidogo, akachukua sururu akachimba yeye. Alichimba kirefu, mbwa wasifukue. Hakusema pole, alisema tu kwamba udongo wa pale ukiloweshwa usiku unachimbika.

Siku ya tatu mama mwenye nyumba akabisha hodi. Alikuwa ana vifaranga kumi na wawili na mwewe walikuwa wanamsumbua. Akauliza kama kile kizimba cha sungura bado kinatumika.

Wakakisugua pamoja kwa sabuni ya unga na maji ya moto, mara mbili, wakakianika juani. Vifaranga wamo humo sasa. Mtoto wa chumba cha nyuma anasimama mbele yake kila asubuhi akisubiri mmoja apige chafya.